Nyasi zangu za Shangani, duka la pembejeo na fundi mwenye panga

Nianze na hukumu, maana najua wengi mnaangalia nyota kwanza. Duka la pembejeo nililonunulia dawa ya funza wanaokula mizizi ya nyasi: nyota mbili kati ya tano. Dawa yenyewe, ikitumika kwa wakati wake: nne. Fundi wa bustani aliyekuja na panga na kopo tupu: nne na nusu, na hiyo nusu nitaeleza ameipoteza wapi. Hakuna aliyenilipa niandike, na hakuna aliyenipunguzia hata mia. Kazi yangu ni uhasibu, risiti zote ninazo.

Ninaishi Shangani, Mtwara mjini, kwenye kiwanja chenye udongo wa kichanga ambao ukimwagia ndoo ya maji unameza na kuomba nyingine. Mbele ya nyumba nina nyasi za paspalamu, kama mita 12 kwa 9. Kwa watu wa huku hilo eneo ni la kuonea huruma: lingekaa mihogo, lingekaa banda la kuku. Mzee wangu tangu tuhamie anataka pevingi. Lakini jioni, joto likiwa bado limeganda kwenye kuta, hapo kwenye nyasi ndipo tunapotandika mkeka, ndipo wajukuu wanapogaragara, na ndipo tulipomfanyia binti yetu sendofu bila kukodi ukumbi. Nyasi hizo zikiumwa, mimi siwezi kukaa kimya.

Ziliugua mvua zilipoanza kukatika, kati ya mwezi wa nne na wa tano. Yalianza mabaka ya kahawia, kila moja upana wa sinia, kisha yakaungana. Kila aliyepita getini alikuwa na tiba yake mdomoni. Ni jua. Ni chumvi ya bahari. Ni mkojo wa mbwa. Mama mmoja, kwa sauti ya chini, akasema ni jicho. Nikamwagilia jioni na asubuhi mpaka bili ya MTUWASA ikanitazama vibaya, na mabaka hayakurudi nyuma. Halafu kunguru wakaanza kuja alfajiri, wanatembea juu ya nyasi kwa madaha kama wamealikwa, wanadonoa, wanang'oa vipande na kuviacha vimepinduka. Nikaenda kwenye ukingo wa baka moja, nikashika konzi ya nyasi, nikavuta. Ilikuja yote, pana, imelegea, na upande wa chini haukuwa na mzizi wa kuonyesha.

Hiyo ndiyo dalili ya kushika kabla ya kutoa pesa. Nyasi iliyokufa kwa jua ukiivuta inakatika, mizizi inabaki ardhini. Nyasi iliyoliwa mizizi inakuja mzima mzima, haina kilichoishikilia. Na kunguru hawaji kufukua nyasi iliyokauka kwa jua. Wanakuja kwa sababu chini kuna chakula, yaani funza.

Sasa duka. Silitaji jina, na wala si la ajabu, yako mengine kama hilo mjini. Huku kwetu duka la pembejeo ni duka la korosho. Msimu wa kupulizia ukikaribia, mifuko ya salfa inafika mpaka barazani, na muuzaji anaweza kukueleza ugonjwa wa ubwiriunga na mdudu aitwaye mbu wa mikorosho usiku kucha. Nilipomwambia nyasi zangu zinakufa, alinitazama kwanza, kisha akacheka.

"Mama, wenzako wanakuja kununua dawa ya kuua nyasi. Wewe unataka ya kuziponya?"

Tukacheka wote, hilo silimlaumu. Ninalomlaumu ni kilichofuata. Hakuuliza nyasi gani, hakuuliza nimeona nini, hakuuliza nani anakaa pale juu. Alinyoosha mkono kwenye rafu, akaweka chupa mezani: dawa ya mchwa. "Hii inamaliza vyote vya ardhini." Nikasoma lebo, kiambato ni klorpirifosi. Nina mdogo wangu ambaye ni bwana shamba, nikampigia pale pale, muuzaji anasikia. Alichoniambia nakiandika kwa sababu chupa hizi bado zipo kwenye nyumba nyingi.

Klorpirifosi inahusishwa na madhara kwenye ubongo wa mtoto unaokua. Marekani matumizi yake ya majumbani yalianza kuondolewa kwa makubaliano ya mwaka 2000. Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha ruhusa yake mwaka 2020. Mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm zikaiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, zikiacha misamaha ya matumizi machache. Mjukuu wangu mdogo biskuti ikimdondoka kwenye nyasi anaiokota, anaipuliza, anakula. Dawa hiyo nikamrudishia muuzaji. Na jambo lingine: mchwa siye aliyekuwa tatizo. Mchwa anapenda vikavu, anaacha vijia vya udongo juu ya vitu anavyokula. Kwangu hapakuwa na kijia hata kimoja.

Akatoa ya pili, imidaklopridi, gramu 200 kwa lita. Hii nilinunua, shilingi 18,000. Hapa nimtendee haki: chupa ilikuwa na lakiri, lebo ina namba ya usajili ya TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, maelekezo yapo kwa Kiswahili, na risiti nilipewa bila kuomba mara mbili. Hizo ndizo nyota zake mbili. Kuna watu mjini wanakupimia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, haina kizibo cha maana. Ukiona hivyo ondoka. Lakini swali moja tu angeniuliza, "Mama, funza wenyewe wana ukubwa gani?", lingeniokolea mwezi mzima. Hakuliuliza. Kwake dawa ni dawa, mwezi wowote.

Fundi nilielekezwa na jirani. Kijana wa hapa hapa, anatunza bustani za nyumba za wageni kule ufukweni. Anatoza 10,000 kuja kukagua, na ukimpa kazi inakatwa kwenye malipo. Nilimtarajia na bomba mgongoni. Alikuja kwa bodaboda na panga, reki, na kopo la Blue Band lisilo na kitu. Nikamwonyesha chupa yangu mpya. Akaisoma, akaigeuza, akanirudishia.

"Hii iweke juu, mbali na watoto. Kwanza tuwaone wenyewe."

Hakufukua katikati ya baka kama nilivyodhani. Alienda mpakani, pale kijani kinapokutana na kahawia, akasema katikati wameshamaliza chakula wamehama. Akapima shubiri zake, akakata mraba wa kama sentimita 30 kila upande, lakini pande tatu tu. Upande wa nne akauacha uwe bawaba, akaupindua ule mraba mgongoni. Akachambua udongo kwa vidole, kina cha kidole cha kati hivi, na kila alichokuta akakidondosha kwenye kopo. Funza weupe, wanono, wamejikunja wakawa herufi C. Kichwa cha rangi ya kahawia, miguu sita mbele, na sehemu ya nyuma imepiga weusi kwa ndani, akasema huo ni udongo na mizizi waliyokula inaonekana kupitia ngozi. Walikuwa 17 kwenye mraba ule mmoja. Akakata mwingine kwenye nyasi nzima karibu na bomba la maji, akapata 2. Huo wa pili akaufunika, akaukanyaga, akaumwagia maji, na leo huwezi kujua ulikatwa wapi.

Hesabu hiyo ina maana yake. Nyasi yenye afya, inayopata maji, inawavumilia funza watano hivi katika mraba wa namna hiyo bila hata kuonyesha. Wakifika kumi, unahitaji kufanya kitu. Kwa hiyo wale 2 tuliwaacha. Fundi mwingine angenipulizia uwanja mzima na kunitoza uwanja mzima. Huyu alisema nusu ya nyasi zangu haina shida. Hapo ndipo aliponipata.

Kuna kitu kingine alichonionyesha ambacho nadhani wenye bustani wengi wa pwani kinawachanganya. Nyuma ya nyumba nina lundo la samadi, na kando yake gogo la mnazi uliokufa. Akaliparua gogo kwa ncha ya panga, akatoa funza mkubwa, mnene kuliko kidole gumba changu. Nikapiga yowe, nikasema mama yao huyu hapa. Akatikisa kichwa. Huyo ni wa chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi. Funza wake anakula vilivyooza, mizizi ya nyasi hana shughuli nayo. Lakini gogo lile ni kitalu cha kuharibu minazi yote ya mtaa, kwa hiyo likachanwa na kuchomwa siku hiyo hiyo. Jirani mwenye minazi minne alinishukuru kuliko mzee wangu.

Nilipouliza lini tunapiga dawa, akasema si sasa. Imidaklopridi inawamudu funza wachanga, waliotoka kwenye yai karibuni. Hawa wangu walikuwa wameshakomaa, na dawa hiyo haiwamudu tena vizuri. Ningemwaga 18,000 ardhini nikangoja muujiza. Hao wakubwa wakishiba wanazama chini zaidi udongo unapokauka, wanageuka buu, na mvua za kwanza mwishoni mwa mwaka zinawatoa wakiwa mbawakawa. Mmewaona: ile wiki mvua inapoanza, taa ya barazani haikaliki kwa wadudu wa kahawia wanaogonga ukuta na kuanguka chali kwenye chai. Ndio hao. Wanapandana, majike wanashuka kwenye nyasi fupi yenye unyevu, wanataga kwenye udongo, na baada ya wiki mbili tatu mayai yanaanguliwa. Dirisha la dawa ni hapo. Kwa Mtwara, mvua zetu zikiwa zinaanza Novemba au Desemba, basi ni Desemba kwenda Januari. Duka lilinipa dawa sahihi mwezi wa tano, ambao ni mwezi wa kuitunza kabatini.

Kwa wale waliokomaa alitumia kuku. Alikung'uta mabaka yote kwa reki, nyasi iliyokufa akaikunja pembeni, udongo ukabaki wazi. Kisha akaniambia nifungulie kuku wangu wa kienyeji. Sijawahi kuona kuku wakifanya kazi kwa moyo namna ile. Jogoo alikuwa anafukua na kuita majike, majike wanagombania, kuna mtetea alimeza funza mmoja akabaki ameduwaa shingo juu, akameza mwingine. Tuliwaachia asubuhi kadhaa, jioni kunguru wakaja kukagua wakakuta hakuna kitu. Ilimaliza wote? Hapana. Ila alipokata mraba tena palikuwa na 4, na bure.

Akajaza mchanga uliochanganywa na samadi iliyoiva, akapanda vipando vya paspalamu alivyochomoa upande ule mzima wa bustani yangu mwenyewe, umbali wa kiganja kimoja kimoja. Kazi yote 60,000, ile kumi ikiwa ndani. Akaniambia nisikate tena nyasi kwa fyekeo mpaka zinaonyesha udongo, kama nilivyokuwa namwagiza kibarua. Nyasi ikiachwa ndefu kiasi, mizizi nayo inazama, na yenye mizizi mirefu inastahimili kung'atwa. Kila ukatapo usiondoe zaidi ya theluthi.

Dawa tulikuja kuipiga Desemba, na hapa ndipo naipa nyota zake nne. Kwanza tulikata nyasi ili tuondoe vijiua vya magugu, kwa sababu imidaklopridi ni sumu kali kwa nyuki. Wenzetu Ulaya walipiga marufuku matumizi yake nje ya vitalu vilivyofungwa mwaka 2018 kwa sababu hiyo. Kipimo tulifuata lebo, simwambii mtu kipimo changu. Tulitumia keni ya kumwagilia badala ya bomba, maana unataka dawa iingie ardhini na si kupeperuka na upepo wa bahari. Kisha mpira wa maji. Dawa ikibaki juu ya majani haimfikii funza, lazima ishushwe siku hiyo hiyo, na maji ya kutosha ni kina cha sentimita 1 hadi 1 na nusu. Fundi alitega makopo ya sadini sehemu mbalimbali, yalipofika kina hicho akafunga maji. Mvua ya kawaida ingefanya kazi hiyo bure, lakini tuliwahi siku isiyo na mawingu mazito, kwani mvua ya kumwaga ingeibeba dawa mpaka mtaroni na baharini wanakovua watu. Watoto na kuku hawakukanyaga mpaka nyasi zikakauka kabisa. Kuku niliwafungia zaidi ya hapo, kwa hofu yangu mwenyewe.

Upande wa getini hatukuutia dawa. Pale pana mkorosho, na dawa hii inafyonzwa na mizizi na kupanda ndani ya mmea. Mkorosho ukichanua, nyuki na wadudu wengine ndio wanaousaidia kushika korosho. Siwezi kuponya nyasi kwa kuwapa sumu wanaonizalishia. Hivyo nikabaki na ukanda usiotiwa dawa ya dukani, ila mwarobaini tu nitakaoueleza, bila kupanga kufanya majaribio.

Mwezi wa nne uliofuata tukafukua tena. Upande wa dawa tulipata mmoja kwenye mraba, mraba mwingine hakuna. Ukanda wa getini walikuwa 8, na baka moja limeanza. Ni bustani moja na mwaka mmoja, lakini kwa macho yangu tofauti ilikuwa inaonekana kutoka barabarani. Nyota ya tano nimeinyima dawa kwa sababu ya hao nyuki, na kwa sababu kuna kiambato kingine, klorantraniliproli, ambacho maduka yanauza kwa ajili ya kiwavijeshi vamizi, kipole zaidi kwa nyuki, na kinafaa kwa funza hawa kikiwekwa mapema kidogo. Bei yake inauma. Mwakani nadhani nitaumia nayo.

Wapenzi wa mwarobaini mtaniuliza. Huku mwarobaini haununuliwi, unaokota. Kwenye ule ukanda wa getini nilitwanga mbegu, nikaloweka usiku kucha, nikachuja na kumwagia. Unawavuruga wadudu wachanga wasijivue ngozi vizuri, hilo linajulikana, ila unaharibika haraka kwa jua na unataka kurudiwa. Mimi naamka saa kumi na moja kwenda kazini. Kutwanga mbegu kila baada ya siku chache ni kazi ya mstaafu. Wale 8 walikutwa huko huko kwenye mwarobaini. Sijaukataa, nausema ulivyo.

Kilichonisaidia bila gharama ni taa. Wiki ya mvua za kwanza nazima taa ya barazani mapema, ya getini nimeweka ya njano. Pia Novemba, kabla mvua hazijashika, sifungulii nyasi maji kila siku tena. Mtaa mzima ukiwa mkavu na kwangu tu ndiko kubichi, mbawakawa atakwenda kutaga wapi?

Mwenye ukoka wa kienyeji uliojiotea na mbuzi wanaoula, asihangaike na lolote katika haya. Ukoka unajitengeneza wenyewe. Huduma hii ni ya mwenye nyasi alizozipanda kwa pesa na anataka kuendelea kuzikalia.

Nusu nyota ya fundi. Simu yake ikizimwa inazimwa kweli, na ukimtaka Desemba mtafute Oktoba, kwani nyumba za wageni zinamkamata mapema. Ijumaa mchana haji, na hilo ni haki yake, lakini aseme, asikuache umeshika lango. Alichanganya dawa mikono mitupu mpaka nikamletea glavu za jikoni. Na zile nyasi zilizokufa alizozikunja aliahidi kuja kuzichukua na toroli. Mkimpata kabla yangu, mwambieni bado ziko nyuma ya banda la kuku, na mzee ameshaanza kuzipigia hesabu za pevingi.